Bahasha ya Kahawia

Mchana kutwa nasimama nyuma ya kaunta
chini ya msalaba wa kijani unaomulika barabara,
hapa Zgierz, ambako theluji ya Februari
huwa nyeusi kabla haijayeyuka.
Nawaambia watu: hapana, bwana Teofil,
kitunguu ndani ya soksi hakishushi presha,
hata kama yule wa kwenye simu amevaa koti jeupe.
Koti jeupe ni kitambaa tu. Nami ninalo.
Uliza nani anauza. Uliza anafaidika vipi.
Wengine hunisikiliza.
Wengine hununua matone ya macho, wakaenda zao.

Bahasha ilifika Jumatano.
Jina la binti yangu kwa herufi za mashine:
Jagna, miaka kumi na mitatu,
anayenuna nikimwita kwa jina la utotoni.
Niliipima kiganjani, nipimavyo kila kitu:
gramu ishirini, labda. Nikaitikisa.
Sauti ile naijua. Mwaka wa kumi na tisa naisikia.

Vidonge. Rangi ya waridi. Havina jina, havina namba,
havina tarehe ya kuharibika,
havina hata wa kulaumiwa.

Mganga hajigangi.
Hapo ndipo nikahesabu kurudi nyuma:
supu ya bitiruti aliyoikoroga mpaka ikapoa,
sweta la baba yake, ndani, penye joto,
mlango wa bafuni na maji yasiyokwisha kutiririka.
Yote nilikuwa nimeyaona
kama mtu anavyoitazama saa
asijue ni saa ngapi.

Wincenty, mume wangu, alisema: mnyang'anye simu.
Mama yake akasema vivyo hivyo kutoka Olsztyn,
kwa ujumbe wenye makosa matatu.
Mkono uliniwasha hata mimi.
Lakini ukiichukua simu, siri haitoki;
hubaki palepale ilipo,
nawe umeifungia mlango kwa mkono wako.

Nikaketi sakafuni, juu ya zulia lenye unyevu,
yeye ukingoni mwa beseni la kuogea,
magoti yake usawa wa macho yangu.
Sikuuliza kwa nini. Nilimwambia:
mimi nilikunywa siki.
Mwaka wa tisini na nne, asubuhi nne mfululizo,
kwa kuwa gazeti la dada yangu lilisema.
Akacheka, akaona haya, akacheka tena.
Kisha akanipa simu mwenyewe.

Anajiita kwa jina la ua. Picha yake ni ua.
"Mrembo wangu," anaandika, saa saba za usiku,
"leo umekula nini? Usimwambie mama, hataelewa."
Na chini zaidi, kwa upole wa kutisha:
"Nitumie picha, tuone maendeleo. Bila sweta."

Sikupiga kelele. Nilishika sinki.
"Umetuma?"
Bomba lilidondosha matone tisa.
"Moja. Ya mgongo tu."

Nikasema, kosa si lako.
Nikarudia, maana dawa hii
haifanyi kazi kwa dozi moja.

Hatukufuta kitu. Kila ujumbe tuliupiga picha, na tarehe yake,
ndipo tukamfungia njia.
Polisi mwenye mafua aliandika kwa vidole viwili.
Daktari alimpima moyo, akamuuliza yeye, si mimi.
Vidonge vilikwenda maabara ndani ya mfuko wenye lakiri.
Hakuna aliyetuahidi lolote.

Sasa simu zetu tatu hulala jikoni,
ndani ya kikapu cha mkate, nyaya zimesokotana.
Analalamika zaidi baba mtu.
Jana Jagna alikula kiazi kizima.
Cha pili akakikata,
nusu akanisogezea, akinitazama usoni.
Nikala. Sikusema neno.

Leo bwana Teofil amerudi, na soksi zake.
Ulimi ulishajiandaa na hotuba ya siku zote.
Nikaizunguka kaunta,
nikaketi kando yake kwenye kiti cha wanaosubiri,
nikasema: hebu nionyeshe
ulichokisoma.